Mafuta Niliyoyachoma

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya utafiti, nje kidogo ya Nakuru, niliianza kwa kuharibu kazi. Nilikuwa nimetoka Olenguruone, ambako nilipima damu katika zahanati kwa miaka mingi, na nilijiona fundi. Mkuu wa Utafiti, ambaye sote tulimwita Daktari, alinituma kichinjioni nilete kongosho la nguruwe. Ndani ya kongosho mna vishada vidogo vya seli zinazotengeneza insulini. Nililileta kwenye barafu, salama. Kisha nikafanya kama mama alivyonifundisha kusafisha nyama: nikaondoa mafuta yote, nikayatia kwenye tanuri la taka.

"Mzee Kiprono, mafuta iko wapi?" Daktari akauliza.

"Nimechoma. Nimekuletea safi kabisa."

Akaketi. "Hiyo mafuta ndiyo nilikuwa nangoja."

Seli saidizi zilikuwa humo. Vishada vikipandikizwa peke yavyo ndani ya mgonjwa wa kisukari, vingi hufa mapema kwa kukosa damu na kushambuliwa na kinga ya mwili. Seli za mafuta hukaa navyo kama majirani wema: huita mishipa ya damu na kuituliza kinga. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kwenye daftari la makosa Daktari aliandika jina lake, si langu.

"Mimi ndiye sikukuambia," akasema. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na sijaona mwingine wa namna hiyo.

Sikumwambia kwamba nilikuwa na haraka yangu. Binti yangu Chebet alikuwa akijidunga insulini tangu darasa la tatu.

Tulirudia jaribio mpaka mikono ikazoea. Panya wenye kisukari waliopandikizwa vishada pekee, sukari yao ilipanda tena. Kwa wengi waliowekewa pamoja na seli saidizi, ilitulia. Siku hiyo nilisahau heshima, nikamshika Daktari mkono.

"Sasa Chebet wangu anaweza wekewa lini?"

"Bado, mzee," akasema. " Panya si mtoto. Nikikutajia mwaka, nitakuwa nakudanganya."

Nilimnunia wiki nzima. Vijana mnaosoma haya, leo hilo ndilo ninalomheshimia zaidi. Angeweza kunipa tumaini la bure ili nichape kazi, na akakataa.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Chebet alikuja. Ni mwalimu sasa. Chakula kilipopakuliwa akatoa sindano yake.

"Baba, kwani mlifika wapi?"

"Panya wanapona."

"Basi mniandikishe kama panya!"

Tukacheka meza nzima, isipokuwa Daktari. Chebet akajidunga, akatazama saa, maana ilimbidi asubiri kidogo kabla ya kula. Sisi tukaanza. Daktari, aliyeketi kando yake, hakugusa sahani yake mpaka Chebet alipokata ugali.