Zimwi Halipandi Ngazi

Sheria ya saba ilisema zimwi halipandi ngazi. Iliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa binti wa ami yangu, kwenye daftari la shule lililokwishatumika nusu, na mimi niliilinda sheria hiyo kwa hasira ambayo hadi leo ikinijia kichwani natahayari.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa ujanja. Bibi yetu, mzaa baba, alikuwa akituhadithia kila siku baada ya Magharibi, lakini mchana alikataa katakata. Ilikuwa mwiko. Ukihadithia jua likiwa juu utaota mkia. Sisi wawili hatukuwa na subira ya kungoja jioni, tukaamua kwamba tunachokifanya si hadithi, ni mchezo, na mchezo hauoteshi mtu mkia. Tulilifudikiza sinia moja lililotoboka, tukachora kwa chaki mji, kisima, msitu na nyumba ya ghorofa. Kila mmoja alichagua kiumbe chake akawa ndiye yeye, akisema kwa mdomo wake. Kifungo cha shati kilikuwa mtu, kokwa ya tende ilikuwa jini, komwe ya bao ilikuwa kibwengo wa baharini, na kipande cha kifuu kilikuwa zimwi. Tulirusha kauri nne, na zilizoanguka kifudifudi ndizo hatua zako.

Sheria tuliziandika ili tusigombane, maana mimi nilikuwa mgomvi. Mtu ni mwerevu. Jini ni tajiri na anapenda udi. Kibwengo ni mwizi wa samaki. Zimwi ni jinga, zimwi linakula watu, zimwi halina mama. Ya saba iliongezwa asubuhi moja baada ya sisi wenyewe kukosa usingizi, kwa sababu jana yake zimwi lilifika kwenye mlango wa ile nyumba ya ghorofa ya chaki, nasi wawili, baada ya hadithi, mara nyingi tulilala huko huko kwa Bibi, ghorofani.

Mwaka wa sitini na nne, baada ya Mapinduzi, ami yangu aliondoka na mkewe na binti yake. Waliondoka kwa haraka. Mwenzangu aliniachia sinia, kauri na daftari, akaniambia nisibadilishe kitu mpaka arudi. Barua haikuja. Bibi naye akaacha kuhadithia. Ikifika Magharibi alisali, akajilaza kitandani, akaelekea ukutani, na hakuna aliyethubutu kumwambia, "Bibi, hadithi."

Vyumba vya ami vilikuwa chini. Vilikaa vitupu miezi kadhaa, kisha wakapewa watu kutoka shamba, upande wa Matemwe, mume na mke na binti yao mmoja wa umri wangu. Bibi alisema hana ugomvi na mtu, ila ngazi zake zisipandwe. Mama akaniambia na mimi nisishuke kwa watu. Basi hapo katikati, pale ngazi inapokata kona na pana kidirisha cha kuingiza mwanga, palikuwa hapana mwenyewe, na ndipo nilipokuwa nikikaa na sinia langu peke yangu, nikisukuma viumbe vyote na kuvisemea vyote.

Siku moja yule binti wa chini alikuwa akifagia ukumbi. Akasimama na ufagio wake kwenye kidato cha kwanza.

"Hicho kifuu nani?"

"Zimwi."

"Nkichukue mie?"

Nilishangaa. Zimwi lilikuwa halichaguliwi. Lilisukumwa na aliyeshindwa, kama adhabu. Yeye alipanda vidato vyake sita, akakaa mkabala nami, akakishika kifuu kwa vidole viwili akakipangusa.

"Zimwi langu lina mama," akasema.

"Halina. Sheria ya sita."

"Sasa limetoka wapi?"

Nikaliachia mama. Kutoka hapo akanichezea zimwi ambalo sijapata kulisikia popote. Lilikuwa na jino bovu, ndiyo maana likinguruma. Watu lilishaacha kuwala zamani kwa ajili ya jino hilo, likawa linakula muhogo wa kupondwa. Lilikwenda kisimani kumchotea mama yake maji, na kwa kuwa watu wakiliona walitupa ndoo wakakimbia, lilipata maji siku zote bila ya foleni. Hapo nilicheka mpaka mama akaniita kutoka juu kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo viumbe vyangu navyo vikaanza kunibadilikia mikononi. Jini wangu, pamoja na utajiri wake, nikamwonea huruma, kwa kuwa hakuna aliyebisha hodi kwake ila mwenye shida. Kibwengo wangu akawa anaogopa maji ya kina. Mambo haya mapya niliyaandika nyuma ya daftari. Ukurasa wa binti wa ami sikuugusa.

Ikaja ile Alasiri. Mtu wangu, kile kifungo, alikuwa mgonjwa wa homa ghorofani katika nyumba ya chaki, na zimwi lilikuwa limetoka msituni na majani ya dawa aliyoyachuma mama yake. Mwenzangu wa chini akarusha kauri. Zote nne kifudifudi.

"Linapanda," akasema, keshakinyanyua kifuu.

"Halipandi."

"Kwa nini?"

"Imeandikwa!"

"Kaandika nani?"

"Mwenye chumba unacholala weye!" nilimpigia kelele. Nikaona nimeshinda, nikaongeza: "Na nyie pia hamupandi. Mazimwi nyie."

Hakulia. Alikirudisha kifuu kwenye sinia taratibu, mahali pale pale kilipokuwa, akashuka zake.

Siku ya kwanza nilijiambia nimelinda amana ya watu. Siku ya pili tulikutana kwenye foleni ya unga, yeye mbele yangu watu wawili, na hakugeuka hata mara moja. Nilimtazama kisogo chake na mafundo ya nywele zake muda wote wa foleni. Siku ya tatu nililitoa sinia nikashindwa hata kurusha kauri. Nilikuwa nimembakisha nani wa kucheza naye? Aliyeondoka haandiki, na aliyekuwepo nimemtukana.

Siku ya nne Bibi akaniita.

"Naam, Bibi."

"Yule mgonjwa wa homa, dawa ilimfika?"

Nilisimama nikamkodolea macho. Kitanda chake kilikuwa karibu na mlango wa juu ya ngazi, na mimi miezi yote ile nilidhani amelala. Kumbe akielekea ukutani, sikio moja lilikuwa kwetu.

"Haikufika," nikamjibu. "Zimwi halipandi ngazi."

"Kasema nani?"

"Wewe Bibi, kwenye hadithi zako."

"Mie? Sijapata kusema neno hilo tangu nizaliwe. Mazimwi yangu mie yanapanda ngazi, yanapanda minazi, yanapanda mpaka juu ya dari."

Ikanibidi nikiri. Nikamweleza kwamba ile tuliitunga wenyewe, mimi na binti wa ami, ili tupate usingizi. Bibi alianza kucheka. Alicheka akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu watu waondoke. Kisha nikaona ile kanga anaipeleka machoni.

"Kumbe yule mjukuu wangu alikuwa mwoga," akasema. "Wala hakunambia." Akaishusha ile kanga. "Na ngazi nimezikataza mie, si wewe wala si hilo daftari. Nenda kamwite mwenzio."

Nilishuka na daftari kwapani na penseli na ufutio mkononi. Vyumba vile sikuwa nimeviingia tangu viwe vya wengine. Nikapiga hodi. Mama yake, aliyekuwa mfagizi wa hospitali, alikuwa akimenya muhogo. Akaniambia, "Karibu mwanangu, pita," kwa sauti ya mtu asiye na kinyongo, nami uso ukaniiva kwa haya. Binti mwenyewe alikuwa amekaa dirishani, dirisha la binti wa ami yangu, anasuka ukili wa mkeka.

"Zamu yako," nikamwambia.

"Zimwi langu limechoka." Hakuinua macho.

"Nisamehe. Nilikosa. Nilikosa sana." Nikamwekea daftari mapajani na ufutio juu yake. "Ifute."

Aliuweka ukili kando. Akaisoma sheria ya saba kwa kidole, neno moja moja, na alipomaliza akairudia.

"Ana mwandiko mzuri," akasema. "Huu sifuti." Akachukua penseli, na chini ya ule mstari, kwa herufi kubwa za kupinda, akaandika: ila likiitwa.

Tulipofika kwenye kona ya ngazi, Bibi, ambaye bila shaka alikuwa akitusikiliza, aliita kutoka juu:

"Ewe zimwi!"

Mwenzangu alinitazama. Nilidhani atarudi chini. Kisha nikaona mdomo unamcheza.

"Naam, Bibi!"

"Panda basi mwanangu, homa inazidi."

Alivua ndara zake akaziweka sawasawa kando ya sinia, akapanda. Nilisikia "Shikamoo, Bibi," nikasikia "Marahaba," halafu Bibi akamwambia akae kitandani, amsimulie mazimwi ya Matemwe yakoje. Mwenzangu akasema jua bado liko juu, wataota mikia. Bibi akamwambia, "Ah! Si hadithi hii. Mchezo."

Barua ya binti wa ami ilifika mwanzoni mwa miaka ya sabini, imekunjwa ndani ya barua ya baba yake. Wako salama. Alitaka habari za Bibi, habari za mama, habari za paka. Chini kabisa aliuliza: "Je, bado zimwi halipandi ngazi?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Bibi kumjibu. Bibi mwenyewe alikuwa amelala, miguu ilikuwa ikimsumbua siku hizo. Niliandika: "Linapanda. Sasa hivi linamkanda Bibi miguu."

Aliyekuwa akikanda akauliza nimeandika nini, nikamsomea. Alicheka kwa sauti ya chini asimwamshe mtu. Halafu akafikiri, mikono imetulia juu ya nyayo za Bibi.

"Mwambie na chumba chake nakifagia kila siku," akasema.

Nikaandika.