Nilisema Mpaka Upite Korongoni

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi pembezoni mwa Mkolani hapa Mwanza. Watoto wana familia zao, wako mbali. Kiwandani nilipunguzwa kazi mwaka juzi, nikabaki na bustani ya mchicha na jumuiya yangu ya kanisani. Jina langu lifichwe tafadhali, maana hili sijalisema hata kwenye kitubio.

Jumuiya yetu tulisali kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, na mimi nilikuwa katibu. Uchaguzi ulipofika nilijua uenyekiti ni wangu. Wakamchagua jirani yangu, nimwite Mama Nyanzala. Huyu ndiye aliyelala kwangu wiki nzima nilipofiwa na mume, lakini siku ile nilimchukia. Yaani yeye aseme, mimi niandike!

Baadaye padre akasema nyumba zimekuwa nyingi mno, jumuiya igawanywe mbili. Aliniita mimi kwa sababu daftari la nyumba zote ninalo. Alitaka mpaka uwe barabara, mimi na Mama Nyanzala tubaki upande mmoja. Nikamwambia, "Padre, bora korongo. Mvua ikinyesha wazee wanashindwa kuvuka." Ni kweli wanashindwa, lakini nia yangu ilikuwa Mama Nyanzala abaki ng'ambo. Padre akanishukuru, akaandika.

Uenyekiti nikaupata. Wa nyumba nne! Kwa hasira zangu sikuangalia kwamba wote ninaocheka nao wanakaa ng'ambo. Jumamosi iliyopita sala ilikuwa kwangu. Nilitandika mikeka, nikachemsha chai birika kubwa, akaja bibi mmoja tu, naye hasikii vizuri. Upande wa pili walikuwa wanaimba, nyimbo nilizozoea kuzianzisha mimi. Bibi alipoondoka nililia sana. Upweke huu hata msibani sikuuona, maana msibani nilikuwa na watu.

Juzi Mama Nyanzala kavuka korongo, viatu mkononi, miguu tope tupu, na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mwenzangu, jumuiya bila wewe imepooza," akasema. "Tunamwomba padre mpaka uhamie barabarani, tuwe wote tena. Tia sahihi, Jumapili twende mimi na wewe tukamwone. Aliyeuchora mpaka huu hakutujua kabisa sisi wawili."

Nikamdanganya kwamba kalamu imeisha wino. Akaniachia karatasi, Jumamosi ataifuata.

Nikienda naye, padre atashangaa mbele yake, kwani maneno ya korongo yalitoka kinywani mwangu. Nisipotia sahihi, ataona simtaki. Nikimwambia ukweli mwenyewe, naogopa atavaa viatu vyake, avuke, asirudi tena.

Ndugu wasomaji, hasa wewe uliyewahi kumkosea mtu ambaye mpaka leo anakupenda, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Karatasi iko hapa mezani. Jina lake ameliandika la kwanza, wenzake wameanzia mstari wa tatu. Wa pili ameniachia mimi. Nifanyeje?