Nyumba za Ndimi za Klarineti

Mwaka jana nilirudi kwetu Baraka, kando ya ziwa, kwa shughuli ya siku tatu, nikakaa miezi miwili. Unanijua wewe, sijawahi kuondoka wala kufika kwa wakati. Ndugu zangu walikuwa wanachimba msingi kwenye kiwanja cha marehemu bibi yetu, na fundi aliyekuwa shimoni akarusha juu, pamoja na udongo, kitu chembamba cha plastiki, kirefu kama kidole. Nikakiokota, nikakisuuza kwa maji ya ndoo. Kilikuwa kizima. Kifuniko kilifunguka na kujifunga tena kwa mlio wake uleule mdogo. Fundi akauliza kama ni kitu cha hospitali. Nikamwambia hapana, ni nyumba ya ulimi. Akasubiri nieleze, nami nikakitia mfukoni.

Ngoja nikueleze wewe.

Parokia yetu wakati huo ilikuwa na bendi yake: ngoma mbili, tarumbeta tatu zilizobonyea, na klarineti moja. Klarineti aliipiga mwalimu wetu wa darasa la tano. Nilipotimiza miaka kumi na miwili alitupanga mstari baada ya masomo, akatukagua meno kama mtu anayenunua mbuzi, akanichagua mimi kwa sababu meno yangu ya mbele yalikuwa yamenyooka. Wavulana walicheka wiki nzima. Walisema mwalimu alitafuta mwanamuziki, akaokota jino.

Klarineti hailii hivihivi. Mdomoni mwake hufungwa kipande bapa cha tete, ncha yake nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, na ukipuliza ndicho kinachotikisika. Mwalimu alikuwa na jina lake la Kifaransa, lakini sisi wote tulikiita ulimi. Unaulowesha mdomoni kwanza mpaka ulainike. Ulimi hudumu wiki chache, ukijaliwa mwezi, halafu hupasuka au hulegea, na hapo tulisema umekufa.

Ndimi zilitoka Ulaya, zikapita Bujumbura, zikatufikia kwa boti ya mfanyabiashara mmoja wa Kazimia, Mwislamu mpole aliyependa utani. Boksi likifika tulimzunguka mwalimu kuangalia akilivua nguo. Kwanza nailoni inayong'aa. Chini ya nailoni, boksi la karatasi ngumu. Ndani ya boksi, karatasi iliyokunjwa yenye maandishi madogo ambayo hata mwalimu hakuyasoma. Mwisho nyumba kumi za plastiki, kila moja na ulimi mmoja umelala ndani. Ndimi zote kumi zilienea kwenye kiganja changu. Vilivyobaki vilijaza kikapu.

Boksi moja lilikula mbuzi mzima wa parokia. Mfanyabiashara alisema huko anakonunua kuna ndimi zisizo na nyumba, zimefungwa kwa karatasi tu, kwa nusu ya bei.

"Mwalimu, munalipa nyumba," alisema. "Mupangaji anaingia bure."

Mwalimu akaagiza zile za uchi mara moja. Zilisafiri kati ya magunia ya chumvi, zikafika zimevunjika ncha zote isipokuwa mbili. Tukarudia kulipa nyumba.

Kwetu hakuna aliyezitupa. Desturi ilikuwa kwamba ulimi ukifa unaingia motoni, na nyumba yake inakwenda kwa aliyewahi kuiomba. Jirani yetu mvuvi aliweka ndoana. Muuguzi aliweka sindano. Koko, ndivyo tulivyowaita bibi zetu, aliweka mbegu: za nyanya, za mboga ya lengalenga, za pilipili. Maji hayakuingia, mchwa hawakuingia. Alizipanga dirishani, akijua kila moja ina nini bila kuifungua. Lakini nyumba ziliendelea kuja na watu wakazichoka. Mvua kubwa ilizisomba mpaka ziwani, zikaelea kwenye matete pamoja na soli za kandambili, na wavuvi walizikuta ndani ya mitego. Koko aliokota moja siku moja, akajaribu kuivunja kwa jiwe, ikaruka pembeni bila kupasuka. Akasema, "Hii kitu haiko na kifo."

Halafu vita vikatufikia, na boti zikaacha kuja. Watu walipanda milimani, wengine wakashika njia ya Lulimba, wengine wakauza walichokuwa nacho wakavuka ziwa kwenda Tanzania. Sisi tuliobaki tulizoea kula haraka na kuzungumza kwa sauti ndogo. Kila aliyekuwa na kitu cha maana alikizika: cherehani, sufuria kubwa, baiskeli iliyofunguliwa vipandevipande. Mke wa mwalimu alikuwa amekwisha kuvuka akiwa na mimba, na mwalimu akatangaza kwamba Jumatatu atatembea mpaka Kazimia kutafuta chombo amfuate.

Ikabaki klarineti. Wazee wa parokia walitaka izikwe nyuma ya kanisa kabla haijaibwa. Mwalimu aliwaomba wasubiri Jumapili. Baada ya misa mimi, mwanafunzi wake, ningepiga mbele yao wimbo wa kuingia, mwanzo hadi mwisho. Nikiweza, klarineti ibaki kwangu. Nikishindwa, izikwe. Jumatano akanipa klarineti yenyewe, na ulimi wa mwisho tuliokuwa nao, ukiwa katika nyumba yake.

Nilifanya mazoezi siku mbili nyuma ya nyumba, huku Koko akitwanga majani ya muhogo ya sombe na kunisahihisha kwa kutikisa kichwa, ingawa hakujua noti hata moja. Kila nikimaliza niliurudisha ulimi ndani, nikaiacha nyumba dirishani. Jumamosi asubuhi niliifungua. Ilikuwa imejaa mbegu za nyanya.

Koko aliziangalia mbegu, akaniangalia mimi, akaelewa kabla sijasema.

"Mi nilizani ni yenye ilikufa," alisema. "Ilikuwa nyeusi-nyeusi ku ncha."

Aliutia kwenye moto wa jana uliopika bukari, ugali wetu. Hakuwa amefanya kosa lolote, unaona? Alifuata desturi tuliyoifuata sote.

Nilijilaza kwenye mkeka nikalia. Koko hakunibembeleza. Alisimama kwenye kinu kilichopinduliwa, akanyoosha mkono kwenye uchaga juu ya mafiga, akashusha fungu la matete. Yalikuwa ya babu. Aliyakata atengeneze mtego wa samaki, akafa kabla hajaanza, na tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa hata kuyasogeza. Moshi wa miaka ulikuwa umeyafanya ya rangi ya chai. Koko alichagua moja, nene kuliko yote, akalivunja kwa goti.

Tulimkuta mwalimu anafunga mizigo. Niliposimulia aliweka chini kamba ya mzigo, akamgeukia Koko.

"Kumbe jana mama alikula ulimi yetu na bukari."

Koko alijifunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yakitikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia. Mwalimu alieleza kwa heshima kwamba ameshajaribu matete ya huku, ni laini mno, yanalegea mara yakipata mate. Koko akamwekea lile tete mkononi.

"Jaribu hii. Moshi imeikausha tangu muzee akiwa hai."

Mwalimu alilipasua kwa kisu, akalichonga kwa wembe, akalisugua kwa majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza. Mizigo yake ilibaki wazi mchana wote. Ulimi wa kwanza ulilia kama mbuzi. Wa pili ulikataa hata kupumua. Wa tatu alinipa mimi niuloweshe. Ulikuwa na ladha ya moshi na ya ndagala, dagaa za kwetu, zilizokaushwa juu ya mafiga yale kwa miaka, na uchungu kidogo wa msasa. Nikapuliza. Ikatoka sauti nzito yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, lakini ilikuwa sauti.

Jumapili wazee walikaa kwenye benchi. Nilipiga. Katikati ulimi ukapiga kelele mbaya, na mwalimu akainamisha kichwa, lakini vidole vyake viliendelea kubonyeza noti zangu kwenye magoti yake, nami nikavifuata vidole vile mpaka mwisho. Mzee mmoja akakohoa, akauliza kama kweli ndivyo klarineti inavyotakiwa kulia.

"Zamani ilikuwa inaongea Kifaransa," mwalimu alijibu. "Sasa inaongea Kibembe yetu."

Wakacheka, na haikuzikwa.

Mwalimu aliondoka Jumatatu kama alivyosema. Tulisikia mtoto alizaliwa salama, tena wa kike. Tulisikia pia, baadaye sana, kwamba yeye mwenyewe alifia kambini huko ng'ambo. Koko aliniachia matete ya babu moja baada ya jingine, nami nikajifunza kuyachonga, nikiharibu matatu kupata moja. Nilizihifadhi ndimi zangu ndani ya maganda ya mahindi. Ulimi ukifa, ganda na ulimi vyote viliingia motoni. Fungu liliisha nikiwa na miaka kumi na sita, na Koko hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Katika ndimi zote zile sina hata moja ya kukuonyesha.

Tangu hapo nimepiga katika makanisa ya Kalemie, ya Kigoma, ya Lubumbashi, popote walipokuwa na klarineti na hawana mtu. Ndimi nanunua dukani kama wengine. Siku hizi zimeongezewa nguo, kila nyumba imefungiwa tena ndani ya kifuko chake kinachong'aa, na bei imepanda pamoja na nguo. Kabla ya misa nachana, nafungua, natoa, naweka ulimi mpya mdomoni ulainike. Kila mara nangoja moshi na ndagala. Ulimi ni msafi kabisa. Hauna ladha ya mahali popote.