Mkono wa Shangazi Ayikoru

Nilipokuwa mtoto pale Kasubi, tulikatazwa kunyooshea kidole vitu viwili: kilima cha makaburi ya wafalme wa Waganda, na gari lolote lenye wanaume waliovaa miwani nyeusi. Katazo la pili lilikuwa la baba, dereva wa polisi, na hakulieleza. La kwanza lilikuwa la bibi yangu, tuliyemwita Dede kama Walugbara wanavyowaita bibi zao, naye alilieleza vizuri mno.

"Ukimnyooshea kidole aliyelala, atakivuta," alisema. "Kwanza kidole, kisha kiganja. Mwishowe mkono wako utalala kama yeye."

Tuliishi na Shangazi Ayikoru, mdogo wake baba. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, na Jumamosi alichezea timu yao ya netiboli. Yeye ndiye aliyekuwa mfungaji. Mimi nilikaa nyuma ya goli kumtazama mkono wake tu. Aliinua mpira juu ya kichwa, kiganja kikalala nyuma mpaka ngozi ikajikunja, kikatulia hapo kama pumzi moja hivi, kisha kikapiga. Mpira ukishaondoka, vidole vilibaki hewani kana kwamba vinauaga. Na kwenye kigasha, pale kati ya kiwiko na kiganja, nyama zilikimbizana chini ya ngozi. Niliwahi kumwuliza humo ndani mna nini. Alicheka. "Mna watu wanavuta kamba," akasema, nami nikaamini.

Siku moja tulikuwa tunarudi kwa miguu kutoka soko la Nateete. Nilimwuliza wafalme wamelala upande gani. Shangazi alikuwa amechoka, kikapu kimemwelemea mkono wa kushoto. Akanyoosha kidole cha kulia. "Pale, chini ya lile paa la nyasi." Niliurukia mkono wake kuushusha, lakini nilikuwa nimechelewa.

Siku nne baadaye hakurudi kutoka kazini. Baba alikwenda kuuliza, akarudi, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Hakuna aliyeniambia neno. Siku ya tatu, mchana, Shangazi alikuja akitembea peku kutoka barabarani, mkono wake wa kulia umelala.

Sina neno jingine. Bega lilisogea, kiwiko kilikunja, lakini kuanzia kifundoni kiganja kilining'inia kama jani la mgomba lililochomwa na jua. Nikamwambia, "Shangazi, kinyanyue." Akakitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Nakiambia," alisema. "Hakisikii."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajificha. Ni mimi niliyeuliza makaburi yako wapi.

Kesho yake Dede alinichukua kwenda bombani. Mama Nakato, jirani yetu Mganda, alituwahi kwa pole za Kiganda hata ndoo haijawekwa chini. "Bambi, nyabo! Mukono ya Ayikoru imefanya nini?"

Dede hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alipaza sauti bomba zima limsikie, kwa Kiswahili chake cha kambi za askari: "Yeye naonyesha kaburi ya wafalume na kidole. Mimi nakataza, yeye hapana sikia!"

Wanawake walishika midomo. Mmoja alirudi nyuma hatua mbili. Hakuna aliyeuliza zaidi, na kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Usiku huo nilimwungamia Dede kwamba kosa lilikuwa langu. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikadhani atanipiga.

"Basi utanisaidia kuurudisha," alisema.

Kila asubuhi aliukanda mkono ule kwa mafuta ya simsim, kuanzia juu ya kiwiko kushuka. Kisha alichukua vipande vya mwanzi alivyovizungushia kitambaa, akavifunga chini ya kifundo ili kiganja kitazame juu. Hapo ndipo nilipoona ajabu ya kwanza. Shangazi, aliyekuwa akiangusha kikombe kitupu, aliweza kukishika kikiwa na chai.

"Vidole viko hai," Dede alisema. "Vimekosa wa kuvisimamia."

Kazi yangu ilikuwa kufungua mwanzi kila nikitoka shule, kukikunja kiganja juu na chini, polepole, nikimwambia Shangazi afikirie anakikunja mwenyewe. Na alfajiri moja Dede alitupeleka chini ya kilima. Mama Nakato alikuja nasi, kwa sababu, Dede alisema, wafalme wa hapa hawajui Kilugbara. Tulipiga magoti kwenye umande. Mama Nakato akatusemea kwa Kiganda, polepole, kwa sauti ya binti anayezungumza na baba mkwe. Shangazi alifumba macho muda wote.

Mvua zilikuja, zikaisha. Timu ilipata mfungaji mwingine. Nikaanza kuona kigasha chake kikipungua, kimekuwa chembamba kama changu, na nikaacha kumtazama usoni.

Kisha mchana mmoja, nikiwa nimeukamata mkono chini ya kiwiko, nilisikia kitu kikiruka chini ya kidole gumba changu. Kidogo, kama samaki mchanga anapogusa mguu ndani ya maji.

"Shangazi. Tena."

Kiganja kikapanda. Kilipanda kimo cha punje ya hindi, kikatetemeka, kikaanguka. Kikapanda tena. Shangazi alianza kulia bila sauti. Dede aliyekuwa akichambua maharage chini ya dirisha aliyaacha, akaja kutazama. Mimi sikuweza kuuachia mkono ule. Mwili mzima ulinisisimka.

Ilichukua miezi kabla hajaweza kurusha mpira, na alipourusha mara ya kwanza ulianguka nusu ya njia. Hatimaye ulifika.

Nilikua, nikawa mwalimu wa michezo. Katika kozi moja tulifundishwa kwamba misuli inayonyanyua kiganja haimo kiganjani. Imejishikiza huku juu, karibu na kiwiko, na neva inayoiamuru huzunguka mfupa wa mkono wa juu, karibu sana na ngozi. Ukifungwa kamba hapo kwa nguvu, mikono nyuma, kwa saa nyingi, neva hunyamaza na kiganja huanguka. Nilitoka darasani. Kila Mganda na kila Mlugbara wa umri wangu anajua jina la kufungwa namna hiyo. Tunaita kandoya.

Nilimfuata Dede kwao Arua, mzee sana tayari. Hakuzungusha maneno. Mfanyakazi mwenzake Shangazi alikuwa ametorokea Kenya, na wale wanaume wa miwani nyeusi wakamkamata yeye awaambie yuko wapi. Jioni ile Shangazi aliporudi, Dede aliona alama za kamba juu ya viwiko vyote viwili.

"Mkono ulioharibiwa na wafalme, watu wanauonea huruma," alisema. "Mkono ulioharibiwa na wale, mtu mmoja anakwenda kusema mahali, na kesho baba yako hayupo."

"Kwa hiyo makaburi yalikuwa uongo?"

Alikasirika kweli. "Hatukwenda kuomba? Mkono haukurudi?"

Nikamwuliza kwa nini aliniacha mimi na mzigo ule. "Wewe ungesema shuleni." Ni kweli, ningesema. Kisha akanishika shavu kama nilipokuwa mdogo, akaniomba msamaha.

Shangazi yu hai, na hajawahi kunisimulia zile siku tatu, wala sijamwuliza. Nikienda kumtembelea, namtazama akisonga ugali kwa mkono ule ule, na mazungumzo yetu ni ya watoto na bei ya sukari. Majina ya misuli ile ninayajua yote sasa, na nawafundisha wasichana wangu. Lakini mchana ule sikujua hata jina moja, na kitu kilichokuwa kimekufa kilijinyanyua mkononi mwangu. Nimekwisha kueleza kilichotokea mara nyingi, kwa maneno ya darasani. Kila nikimaliza kueleza, bado nasisimka.