Bi Gundi na Rafu ya "Watu na Mila"

Wifi yangu tulimwita Bi Gundi, maana miaka kumi na mmoja alikaa chumba cha nyuma cha maktaba akibandika vitabu vilivyobanduka migongo. Cheti cha ukutubi alikuwa nacho. Lakini meza ya mbele, anapoketi mkutubi, walikaa weupe tu; weusi tulikuwa nyuma, kwenye gundi na vumbi. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Ilikuwa hivyo tu.

Mwanangu alipoanza kuota meno, nilikwenda kutafuta kitabu cha daktari mmoja wa watoto, mweusi mwenzetu. Rafu ya afya nikaipekua yote, hakipo. Wifi akanitolea kwenye rafu ya "Watu na Mila", kati ya ngoma na vinyago.

"Mbona huku?"

"Hapa mweusi akiandika, wifi, hata aandike habari za injini, ni mila."

Nafasi ya mkutubi aliiomba mara mbili. Mara zote mbili mkuu wa maktaba alimjibu kwa upole: "Kupanga vitabu ni kazi nyeti, Bi Gundi. Wewe Mungu amekupa mikono ya gundi." Na kwa taratibu zao, ukikataliwa mara ya tatu huombi tena.

Safari ya tatu mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mweupe mwenye miwani ya kamba, akataka waombaji wapimwe kwa kazi. Kila mmoja apewe kigari cha vitabu arobaini, avipange rafuni kwa kanuni za maktaba, kwa saa moja.

Nilikuwa benchi la wasomaji, mtoto mgongoni. Mwombaji mwenzake, binti mweupe, alihangaika huku na huko mpaka jasho likamtoka. Wifi alisukuma kigari chake polepole kama anayepeleka mgonjwa, akasimama kwenye "Watu na Mila", akavisokomeza vyote arobaini. Dakika kumi. Akavuta kiti, akakunja mikono.

Mkuu alipoona, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Umefanya nini?"

"Nimepanga, mkuu. Kwa kanuni ya hapa."

"Hiki ni cha ufugaji wa nyuki! Nimekiandika mimi!"

"Ndiyo, mkuu. Kwani wewe si mtu?"

"Mtu ndiyo, lakini..."

"Na kwenu hamna mila?"

Mwenyekiti akatoa leso, akajifanya anapenga kamasi.

"Nyuki na mila wapi na wapi?" mkuu akafoka.

"Hata mimi najiuliza, meno ya watoto na vinyago wapi na wapi. Nikadhani hapa tunafuata aliyeandika. Kama tunafuata alichoandika, niambieni nianze upya, dakika hamsini bado ninazo."

Mkuu akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitazama ile rafu, kitabu kimoja baada ya kingine, kwa muda mrefu.

"Aanze upya," akasema. "Na hivyo vya zamani vya rafu hii navyo avipange, ndani ya muda huo huo."

Nikaomba moyoni. Lakini wifi hakuwa na haja ya kusoma hata jalada. Kila mgongo aliujua kwa kidole, aliubandika mwenyewe. Injini zikaenda kwa injini, mashairi kwa mashairi, meno kwa afya. Mkuu alimfuata nyuma akipekua, akitafuta kosa kama anayetafuta chawa. Mwishoni akalipata.

"Kitabu changu umekiweka kwa wadudu waharibifu!"

"Loo! Hapo umenikamata, mkuu."

Kama alikosea au la, mpaka leo sijamuuliza.

Barua ya kazi ilifika baada ya wiki mbili, na aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Siku yake ya kwanza pale mbele nilikwenda kurudisha kitabu cha meno. Bwana mmoja mweupe mwenye tai akaingia, akamkuta wifi ameketi pale mezani, akamwambia, "Mama, hebu niitie mkutubi."

"Sawa, bwana."

Wifi akainuka, akaingia chumba cha nyuma. Nikamsikia akiwasalimia wenzake wa gundi, akinywa maji, akicheka kidogo. Kisha akatoka kwa mlango ule ule, akaketi, akaweka mikono mezani.

"Karibu, bwana. Nimeambiwa unaniulizia."