Miaka Miwili ya Nati

Niseme mapema kwamba nina hasira, asije mtu baadaye akaniambia nipunguze sauti. Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule kwenye kibaraza cha duka la vipuri vya magari, na msimamizi wa duka hilo ni binti wa marehemu kaka yangu. Jina alilopewa na wazazi lipo, lakini mtaa mzima unamwita Nati, kwa sababu alipokuwa mdogo alimeza nati ya baiskeli tukashinda hospitali tukiisubiri itoke. Nati ilitoka. Jina likabaki.

Nati anataka kusoma shahada ya pili ya biashara, tena katika kile chuo cha vioo ambacho hata mlinzi wake anavaa tai. Si kwa kujionyesha. Mara mbili ameomba kuwa mkuu wa mauzo kwenye makampuni makubwa, na mara zote mbili nafasi ikaenda kwa mtu mwenye shahada hiyo. Ana akili, ana mdomo wa biashara, na miaka inakwenda. Aliniambia kwamba safari hii asipopata, atauza vipuri vya watu hadi azeeke.

Shida ni kwamba maisha yake hayakunyooka. Mwaka wa kwanza wa chuo aliongoza darasa. Wa pili baba yake akafariki, akafeli masomo mpaka aibu. Akajikaza, akamaliza kwa alama za kuchechemea. Akafanya kazi mapokezi ya hoteli, hoteli ikafungwa. Akauza simu. Akaja hapa dukani, akapanda hadi kuwa msimamizi, kisha mama yake, yaani wifi yangu, akaanguka kiharusi. Nati akaacha kazi miaka miwili kumuuguza, ndipo akarudi. Ukisoma hayo kwenye karatasi utadhani ni watu watatu waliokopeshana jina.

Kwanza akaenda kwa mshauri, kijana mmoja mwenye kompyuta mpakato aliyepanga meza nyuma ya duka la fotokopi na kazi yake ni kuwapamba waombaji wa vyuo. Huyo bwana alipoiona ile miaka miwili akakunja uso kana kwamba ameonja dawa. Akamwambia aandike kwamba alikuwa mshauri wa kujitegemea. Nati akamuuliza alimshauri nani. Jamaa akasema si lazima huyo mtu awepo. Nati akakusanya karatasi zake, akarudi dukani, akaandika mwenyewe: niliacha kazi, nilimuuguza mama yangu. Nilijivunia sana siku hiyo, nikamshonea blauzi ya usaili bila yeye kuniomba.

Sasa sikiliza mkosi ulipoingilia. Mtaa wetu wa vipuri una utaratibu wake. Mgeni akija kumuulizia mtu wetu, humtoi. Hujui ni mdai, ni askari, ni mke aliyeachwa, ni nani. Unamkinga mwenzio kwanza, maswali baadaye. Wote tumekingwa hivyo, hata mimi. Mwenye duka, mzee mpole ambaye tunamwita Bosi ingawa hajawahi kumfokea mtu, ndiye bingwa wa kukinga watu. Na Nati alikuwa amemwandika yeye kuwa mdhamini wake, akamwambia chuo kitapiga simu.

Chuo kikapiga. Bosi alikuwa juu ya ngazi anashusha breki, simu ameibana kwa bega. Sauti ngeni ya mwanamke ikamuuliza kama ni kweli binti yule aliacha kazi miaka miwili. Neno chuo lilimpita. Alichosikia ni mgeni anayemchimba mtu wake. Basi akajibu kwa moyo safi kwamba binti hajaondoka dukani hata siku moja tangu aajiriwe, na kwamba ni mtu wa kuaminika kuliko wote. Akakata simu, akaendelea na breki zake.

Wiki hiyo hiyo Nati akaambiwa ombi lake limekataliwa. Maelezo yake na ya mdhamini yanapingana, na chuo hakiwapokei watu wasio wakweli.

Wasio wakweli! Yeye, aliyekataa kupambwa! Damu ilinichemka nikaiacha cherehani na sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Nilimwendea Bosi nikamtolea uvivu mbele ya wateja. Mzee wa watu alikaa juu ya boksi la vichujio, akashika kichwa, akasema alidhani ni watu wa mikopo. Nikamwambia, mikopo gani, binti wa watu hana deni hata la vocha. Nati ndiye aliyenishika mkono. "Shangazi, mwache," alisema. "Alikuwa ananilinda."

Asubuhi iliyofuata tukaenda chuoni. Bosi alivaa shati lake la misibani. Wifi naye akang'ang'ania kuja na fimbo yake, akasema hawezi kubaki nyumbani wakati anasemwa yeye. Tulimketisha kwenye benchi la ukumbini, sisi watatu tukaingia kwa mama wa udahili. Ofisi ilikuwa ndogo na joto, mlango ukaachwa wazi.

Bosi alisimama kama mtoto wa shule akakiri kwamba alisema uongo, na kwamba Nati ndiye aliyeandika ukweli. Nilidhani yameisha. Yule mama akavua miwani, akauliza kwa upole, ule upole wa kukuudhi: kama ulidanganya kuhusu miaka miwili, hizo sifa nyingine ulizompa tuziamini vipi? Bosi akaanza kupapasa vifungo vya shati lake. Nilimwonea huruma, na mimi ndiye niliyemtukana jana yake.

Kisha mama wa udahili akamgeukia Nati. Akasema, haya, tuseme uliacha kazi. Alama zako zinapanda na kushuka, kazi zako zinakatika. Wanaoomba hapa ni wengi na wamenyooka. "Katika hiyo miaka miwili, kuna matokeo gani uliyoyapata ambayo sisi tunaweza kuyaona?"

Najua Nati alichotaka kusema. Alitaka kusema habari za kumgeuza mtu mzima kitandani, kumlisha uji kwa kijiko, kumfundisha mama yako mzazi kutamka jina lako upya. Lakini hayo unayasemaje mbele ya mtu aliyeshika kalamu akisubiri takwimu? Mimi nikafungua mdomo kumjibu kwa niaba yake, na jibu langu lisingefaa kuandikwa.

Ndipo tukasikia fimbo. Tok, halafu mguu unaburutwa. Tok, mguu. Wifi alikuwa amesikia yote kutoka benchini. Nati akataka kumwendea, mama yake akamkatalia kwa jicho. Akaja peke yake, mlango mpaka kiti. Alipoketi alikuwa anahema. Mdomo wake bado umepinda upande mmoja, lakini maneno yalitoka.

"Matokeo mnayoyaulizia," alisema, "ni mimi."

Mama wa udahili alivaa miwani yake, akaivua tena. Akasema anasikitika kwa kweli, lakini nafasi za mwaka huu zimekwisha kujazwa na yeye peke yake hawezi kubadili uamuzi. Atabandua lile neno la kutokuwa mkweli kwenye faili, na Nati aombe tena mwakani. Ndivyo ilivyokuwa. Heshima tulirudishiwa, kiti hatukupewa. Watu waliosoma kuendesha biashara za dunia nzima hawakuwa na mahali pa kuandika mama aliyesimama. Mpaka leo likinijia nakata uzi kwa meno.

Tulitoka polepole, kwa mwendo wa wifi. Bosi alitangulia kushika mlango, macho chini, akiapa kwamba simu ya mwakani ataipokea akiwa ameketi. Nati alikuwa analia bila sauti, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Pale kwenye ngazi mama yake akasimama kupumzika, akamuuliza wamesemaje hasa, maana maneno ya mwisho hakuyashika vizuri.

"Wamesema tuje tena mwakani, mama."

Wifi akaziangalia zile ngazi, akaiangalia fimbo yake.

"Basi mwakani," alisema, "hii tutaiacha nyumbani."