Walivyonitembeza kwenye Baridi

Niseme wazi kabisa: mimi siyo mtu wa kutembea ovyo. Nimefundisha shule ya msingi Ipililo miaka thelathini na mbili, na miaka yote hiyo nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, jua linawaka, mvua inanyesha, udongo mweusi umeng'ang'ania viatu mpaka navivua navibeba mkononi. Lakini nilikuwa naenda kazini. Nikienda kisimani, nafuata maji. Nikienda msibani, naenda kulia. Sasa mtu mzima, ameshiba, ana gari mlangoni, anavaa koti na kofia anakwenda kuzunguka mashamba yasiyo na hata jani moja, halafu anarudi alikotoka. Huyo ana nini jamani?

Mwanangu mkubwa ameolewa Ufaransa, na Januari iliyopita ndiye aliyenitumia tiketi. Anaishi kijijini, kijijini hasa, kwenye ng'ombe na tope na harufu ya samadi, hata nikajisikia niko kwetu kidogo. Siku ya tatu akanipeleka kwa wakwe zake, wazee wawili wakulima. Tukala kuku na viazi, na jibini moja inayonuka soksi. Tumemaliza tu, sahani bado ziko mezani, mzee mkwe wangu akainuka, akaniletea koti refu na viatu vya mpira, akafungua mlango. Mwanangu akasema, "Mama, twende tukatembee."

Nilielewa kama ambavyo angeelewa mtu yeyote wa kwetu. Kwetu mgeni anakula, anakaa, anaongea, na akishaaga mwenyewe ndipo mwenye nyumba anainuka kumsindikiza. Unamfikisha njia panda. Ukimpenda sana unavuka naye korongo. Usipomsindikiza, umemwambia asirudi tena. Lakini kumsindikiza mgeni ambaye hajaaga? Na chakula hakijashuka? Huko ni kumfukuza! Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto kwenye baridi ile. Nikachukua mkoba wangu, nikasimama mbele ya yule mama mkwe, nikamshukuru kwa Kiswahili, nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, nikampa mkono na kumwombea afya. Mama wa watu akabaki kunikodolea macho. Mwanangu alikuwa nje anafunga kamba za viatu, hakuona lolote.

Tulitembea saa nzima. Mzee ananionyesha kunguru, ananionyesha mti, ananionyesha mfereji. Mimi mkoba kwapani, nasubiri mahali watakaponiacha. Tukapita njia panda ya kwanza, tukapita ya pili, nikawa najiuliza hawa watu wananipeleka wapi. Mara naona nyumba mbele. Nyumba ile ile! Tumetokea kwa nyuma, na yule mama yuko mlangoni na keki. Ebo! Mnanitoa halafu mnanirudisha, kwani mimi mbuzi aliyekosa mnunuzi mnadani?

Nilimwambia mwanangu hivyo hivyo. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Alipowatafsiria, mzee mkwe wangu hakucheka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema siku nitakayoondoka kweli atanifikisha uwanja wa ndege yeye mwenyewe. Na alifanya hivyo. Kwa mzee yule sina la kusema.

Hasira yangu yenyewe haikuwa Ufaransa. Ilikuwa Uskoti, kwa binti yangu wa mwisho, ambaye ni muuguzi huko. Miaka kumi na moja hajakanyaga Ipililo. Kila Krismasi dada yake anavuka bahari kwenda kumwona, kila kiangazi yeye anavuka kwenda kwa dada yake. Njia ya Ufaransa anaijua, ya kwao imempotea! Nami nilikuwa nimemwacha baba yake nyumbani na kiharusi, upande wa kulia umelegea, maneno yanatoka kwa shida. Daktari kule Bariadi alinivuta pembeni akaniambia kikimpiga cha pili, tusitegemee. Kwa hiyo nilikwenda Uskoti kwa jambo moja tu: mtoto huyu aje amwone baba yake akiwa hai. Basi. Sikwenda kuangalia milima.

Naye akanitembeza! Siku tano nzima. Kila nikifungua mdomo, "Sasa baba yako...", anachukua koti. "Mama, tutembee kidogo kabla giza halijaingia." Giza lenyewe kule linaingia saa kumi jioni. Tunapanda kilima, upepo unanipiga usoni, machozi yananitoka bila kulia, na yeye yuko mbele anakata hatua ndefu, mimi naongea na mgongo wake. Nimezaa, nimenyonyesha, nimelipa nauli ya kumpeleka sekondari Maswa, leo naongea na mgongo.

Siku ya sita theluji ilianguka, tiketi yangu ya kurudi nyumbani ni ya Jumamosi, na bado akachukua koti. Tulipofika katikati ya kilima nikasimama.

"Sitembei tena," nikamwambia. "Utanijibu hapa hapa. Baba yako anakwisha. Unakuja au huji?"

Akageuka. Nilidhani atalia. Wapi! Alikuwa na hasira kuliko mimi, na hasira ile naijua vizuri, nimelala nayo kitanda kimoja miaka arobaini.

"Mayu, mama yangu, siku niliyoondoka nani alinisindikiza?"

"Si mimi hapa? Nilikufikisha mpaka kwenye basi."

"Wewe, ndiyo. Na baba?"

Baba yake hakutaka aondoke. Wa kwanza amekwenda, na huyu tena, nani atabaki? Siku ile alitoka alfajiri na ng'ombe kwenda mbugani, hakurudi mpaka basi limepita. Mtoto alikaa nje juu ya sanduku lake, macho kwenye njia ya mbugani. Nikamwambia kuna ng'ombe amepotea, baba yako anamtafuta. Miaka kumi na moja nimemtetea ng'ombe huyo.

"Hakuna ng'ombe aliyepotea," akasema. "Kwetu asiyesindikizwa ameambiwa asirudi. Wewe ndiye uliyenifundisha. Basi mimi nimetii."

Hapo damu ilinichemka, na sijui nilimkasirikia nani zaidi. Yeye, anayenisomea adabu za Kisukuma kama hakimu juu ya theluji. Baba yake na kichwa chake kigumu. Au mimi na ng'ombe wangu wa uongo. Nikatoa simu nikapiga nyumbani pale pale. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni. Akapokea mke wa mdogo wake mume wangu, niliyemwachia mgonjwa. Nikamwambia aweke simu sikioni mwa mzee.

"Mtoto anasema hukumsindikiza," nikamwambia. "Na ni kweli, hukumsindikiza! Ulijificha mbugani na ng'ombe wako. Mimi nimechoka kukusemea. Ongea naye mwenyewe."

Nikafungua sauti, nikamtia mtoto simu mkononi. Tukamsikia anahema. Halafu akasema, kwa ulimi wake ule mzito:

"Fimbo yangu iko wapi?"

"Shemeji, unakwenda wapi?" mwanamke kule akaanza kupiga kelele. "Shemeji, kaa! Nje ni tope tupu! Jamani utaanguka, mke wako ataniambia nini mimi?"

"Shika simu," akamwambia. "Nifuate."

Ile njia naijua. Unatoka mlangoni, unapita zizi, unapita shamba la pamba, unafika barabarani. Mzima anaimaliza kabla hajasahau alichotumwa. Lakini ilikuwa msimu wa mvua, na yule ni mtu wa mguu mmoja. Tukasikia fimbo inazama kwenye tope, inachomoka, inazama tena.

"Ng'wanone, mwanangu. Nimefika zizini."

Mwanangu akaanza kutembea. Sidhani kama alijua anatembea. Ameshika simu kwa mikono miwili mbele ya uso wake, anakwenda polepole, hatua moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu nifike hakuniacha nyuma.

"Nimefika kwenye pamba."

Mwanamke kule ameacha kupiga kelele. Sasa anasema tu, "Haya, mguu huo. Sasa huu. Haya." Mimi nilitaka kumfokea: wewe mzee una wazimu, unataka nirudi nikute kaburi? Uko huko, sisi tuko huku, unamsindikiza nani? Nikaziba mdomo kwa glavu.

Sijui zilipita dakika ngapi. Pikipiki ikasikika inapita, ikapiga honi. Alikuwa amefika barabarani. Akahema, akahema.

"Haya, mama," akamwambia binti yake. "Hapa ndipo mwisho wangu. Nenda salama. Urudi."

Mwanangu alikuwa amepiga magoti kwenye theluji.

"Haya, baba," akasema. "Nakwenda. Nitarudi."

"Lini?" akauliza mzee, kwa ukali wake ule ule wa siku zote.

"Jumamosi!" nikajibu mimi, kabla mtoto hajafumbua mdomo.